Leseni ya Kabatini

Maeng Sang-do alianguka kutoka kwenye ngazi ya kuchumia matufaha akiwa bado na tufaha mkononi. Kifundo cha mguu wake wa kulia kilikuwa kimegeukia upande usio wake, lakini neno la kwanza lililomtoka pale chini halikuhusu mguu. Alisema, "Sasa nani atampeleka mama?"

Mkewe, Pyo Ok-rim, alitupa kikapu akamkimbilia. Alijua vizuri mumewe anasema nini. Mama mkwe wake, Bibi Jeom-rye, alikuwa amekaa mwaka mzima akiisubiri siku ya kuvuka mlima kwenda pwani, ambako dada yake Gan-nan alikuwa anatimiza miaka tisini katika nyumba ya kutunzia wazee. Hawa ndugu wawili hawakuwa wameonana tangu basi la kuvuka mlima lilipoondolewa kwa kukosa abiria. Kila mwaka Sang-do aliahidi kumpeleka mama yake, na kila mwaka matufaha, au mvua, au mashine iliyoharibika, ilikula ile siku. Safari hii alikuwa ameapa.

Hospitali walimfunga plasta hadi gotini. Daktari akamwambia asikanyage pedali yoyote mpaka majira ya baridi yaingie.

Jioni ile walikaa sakafuni, ambayo ilipashwa moto kwa chini, mbele ya meza ya tambi, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kula isipokuwa bibi.

"Tutaahirisha," alisema Sang-do. "Mguu ukipona tutakwenda."

"Tisini haiahirishwi," bibi alijibu huku akivuta tambi. "Hiyo si harusi."

"Basi tukodi teksi."

"Teksi za mjini zinanuka marashi. Nitatapika hata darajani hatujafika. Na kwa bei wanayotaka kuvuka mlima, afadhali nipande ng'ombe."

Ok-rim alikuwa anakusanya bakuli. Bila kuinua macho alisema, "Mimi nina leseni."

Sang-do alimtazama, kisha akacheka mpaka plasta ikatikisika. "Mama Dan-bi! Leseni gani? Ile uliyochukua kabla Dan-bi hajaanza shule?"

Ok-rim aliingia chumbani, akafungua kabati, akapenyeza mkono chini ya mablanketi ya harusi ambayo hayakuwa yakitumika, akarudi na leseni. Akaiweka mezani kati ya bakuli za kabichi iliyochachushwa. Sang-do aliichukua akitabasamu bado, akitegemea kuiona picha ya msichana mwenye nywele za mawimbi. Picha ilikuwa ya mwanamke huyuhuyu aliyesimama mbele yake, mvi na yote.

"Uliihuisha?"

"Kila ilipokwisha muda."

"Ya nini, na wewe huendeshi?"

"Hujawahi kuniuliza kama nataka kuendesha."

Bibi alinyanyua bakuli, akanywa supu yake yote, akaliweka chini kwa kishindo. "Haya," alisema. "Dereva amepatikana."

*

Pikapu yao ilikuwa kuukuu, ya milango minne, yenye gia za mkono, na ilimjua Sang-do peke yake. Kiti cha dereva kilikuwa kimekaa pale kilipokaa miaka yote, nyuma kabisa, kwa ajili ya miguu mirefu ya mwenyewe. Siku ya kwanza Ok-rim alipopanda, aliikuta klachi mbali kama kitu kilicho chumba cha pili.

"Washa!" alisema Sang-do kutoka kiti cha pembeni, magongo yake yamebanwa katikati ya magoti.

"Ngoja nisogeze kiti."

"Utasogeza baadaye. Washa kwanza, tuone!"

Akawasha. Gia ilikuwa imeachwa kwenye namba moja na yeye hakuwa amekanyaga klachi mpaka mwisho. Gari liliruka kama chura, likazima. Sang-do alishika dashibodi kwa mikono miwili.

"Klachi! Klachi, mwanamke! Nimesema klachi!"

"Hukusema."

"Sasa nasema!"

Ukutani kwa jirani walikuwa wameshakusanyika watu waliokuja kumenya vitunguu saumu, na vitunguu vilisahauliwa. Ok-rim aliwasha tena. Safari hii gari lilitembea. Alitaka kuwasha indiketa ya kushoto, zikaja wipa, zikakwangua kioo kikavu kwa kelele mbaya. Mzee Tak, mwenye shamba la kabichi upande wa bondeni, aliangalia mbingu iliyokuwa haina hata wingu.

"Shemeji," aliita, "huko ndani mvua inanyesha?"

Watu walicheka. Si kicheko kibaya, lakini masikio ya Ok-rim yalipata moto. Sang-do naye, kwa aibu ya kuchekwa na jirani, akazidisha sauti. Breki! Gia! Kioo! Siyo hicho, kile! Una macho au vifungo? Ok-rim alisimamisha gari pale mteremko unapoanzia, akaitoa gia, akafungua mlango, akashuka, akaubamiza.

"Endesha mwenyewe," alisema.

Hakuwa amevuta breki ya mkono.

Gari lilianza kuondoka polepole, kwa adabu kabisa, kama mgeni asiyetaka kusumbua. Ndani yake Sang-do aligeuka kushoto, akaona kiti kitupu, akageuka mbele. "Mama Dan-bi!" aliita. Kisha kwa sauti nyembamba ambayo hakuna jirani aliyewahi kuisikia: "Mama Dan-biii!" Plasta ilimzuia kuvuka kwenda upande wa usukani. Aliunyoosha mkono kuitafuta breki, akaipata wakati pua ya gari ilikuwa tayari imejizika kwenye lundo la kabichi la Mzee Tak, mpaka taa.

Mzee Tak alilizunguka lundo lake, mikono nyuma. "Nilikuwa natafuta mtu wa kuzikatakata," alisema. "Asante, shemeji."

Sasa hata waliojizuia walishindwa. Lakini Ok-rim alikuwa anatazama kando ya lundo, pale palipokuwa na kigoda na kisu. Mke wa Tak alikuwa amekaa hapo muda mfupi uliopita. Aliinuka tu kuja kutazama vituko. Ok-rim alienda mpaka kwa yule mama, akamshika mikono, akainama sana, akaomba radhi mara nyingi mpaka yule mama akaanza kumbembeleza yeye.

Jioni aliirudisha leseni chini ya mablanketi. Sang-do alimwona, akajisikia kama aliyeshinda, ila ushindi wenyewe haukumpa usingizi.

*

Asubuhi Bibi Jeom-rye hakuonekana chumbani, wala jikoni, wala bustanini. Ok-rim alimkuta ndani ya pikapu, kiti cha nyuma, amevaa koti lake la safari na skafu ya zambarau, mtungi wa soya iliyochachushwa pembeni yake.

"Mama, unafanya nini humu?"

"Nakwenda kwa dada yangu."

"Siku ya dada yako bado, mama. Na dereva hakuna."

"Basi nitakaa mpaka apatikane. Niletee uji."

Ok-rim alileta uji. Baadaye akaleta blanketi. Sang-do alitoka kwa magongo, akabembeleza, akatisha, akasema atamwita mkuu wa kijiji. Bibi alipandisha kioo cha dirisha taratibu, akiendelea kumtazama mwanawe mpaka kioo kikafika juu.

Ok-rim alipoenda kuchukua bakuli, bibi alimshika mkono. "Kaa. Siyo huku. Kaa kule mbele."

"Mama, jana ningeua mtu."

"Ulisahau nini?"

"Breki ya mkono."

"Basi si umejua? Mimi nilipoolewa, wali wangu wa kwanza katika nyumba hii niliuunguza ukawa mkaa. Mama mkwe wangu alinipiga na mwiko mbele ya wageni. Unadhani siku ya pili watu walilala njaa? Nilipika. Kwa hofu, lakini nilipika, na jicho sikulitoa kwenye moto." Akaachia mkono. "Wewe kuogopa ndiyo vizuri. Asiyeogopa gari simpandii."

Ok-rim alikaa mbele. Hapakuwa na mtu wa kumwambia washa. Alipapasa chini ya kiti, akaipata fimbo ya kusogezea, akakivuta mbele mpaka mguu wa kushoto ukaikandamiza klachi hadi sakafuni na goti likabaki limekunjwa kidogo. Akaweka mto mgongoni. Akageuza vioo, cha kati na vya pembeni. Sang-do alikuwa amevielekeza kwa kimo chake, na yeye muda wote alikuwa akiona paa na mbingu. Sasa aliona ua, kuku, na mumewe amesimama kwa magongo mdomo wazi. Akafunga mkanda. Akajiuliza breki ya mkono iko juu au chini, akajijibu kwa kuivuta. Akakanyaga klachi, akatikisa gia kushoto kulia kuhakikisha iko huru, ndipo akageuza ufunguo.

Injini ilinguruma, gari likabaki palepale.

"Ehe!" alisema bibi.

Siku zile walizunguka njia za shambani kati ya miti, kisha kwenye uwanja wa shule iliyofungwa, ambako palikuwa na bembea na majani tu. Alijifunza kuachia klachi kama mtu anayeweka yai mezani. Alijifunza kutofautisha kijiti cha wipa na cha indiketa bila kutazama, kwa vidole tu. Sang-do alivumilia kukaa barazani siku moja. Siku iliyofuata alikuja akagonga dirisha.

"Naweza kupanda?"

"Kwa sauti ya mtu mzima anayeongea na mtu mzima," alisema Ok-rim.

"Haya."

Akapanda, na kwa kweli alijitahidi. Aliuma midomo. Mara mojamoja alitoa sauti kama birika linalokaribia kuchemka, Ok-rim akamtazama, likapoa. Na alipoacha kufoka ilionekana ana mengi ya kufundisha. Alimwonyesha namna ya kuondoka kilimani bila kurudi nyuma, na kwa nini kwenye mteremko mrefu gia ndogo inashika gari ili breki zisichoke. Ok-rim alisikiliza kila neno.

"Kumbe unajua kufundisha," alimwambia.

Sang-do aliona haya, akaanza kukuna plasta.

*

Siku ya safari asubuhi ilikuwa ya baridi kavu. Ok-rim alilizunguka gari kabla ya kupanda. Alikanyaga kila tairi, akachungulia chini kama kuna tone la mafuta, akaongeza maji ya kuoshea kioo. Akawasha taa moja moja, na Sang-do akasimama nyuma kwa gongo akiita, "Kushoto inawaka! Kulia inawaka! Kanyaga breki! Zote zinawaka!" Mzee Tak na mkewe walikuja kuwaaga na kabichi mbili za zawadi.

"Zimekatwa kwa kisu," alisema Tak. "Za gari ziliisha."

Bibi alikataa kuuacha mtungi sakafuni, basi Ok-rim aliuketisha kiti cha nyuma na kuufunga mkanda. Bibi alipotaka kuupitisha mkanda wake nyuma ya mgongo kwa sababu unabana koti, Ok-rim alisema, "Mama, hata soya imefunga," na bibi akafunga.

Barabara ya bondeni ilikuwa rahisi. Lori la mchanga lilikuja nyuma yao, likawakaribia mno na kuwapigia taa. Zamani moyo wa Ok-rim ungemtoka. Sasa alitazama kioo, akawasha indiketa, akasogea pembeni palipokuwa na nafasi, lori likapita na vumbi lake.

"Mwambie aende," alisema bibi. "Labda anawahi choo."

Walianza kupanda mlima. Majani yalikuwa mekundu pande zote, gari likilalamika kwa gia ya pili, na Sang-do akiwa amenyamaza vizuri mno. Wakafika juu. Na pale juu, upande wa pwani, hapakuwa na dunia. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mteremko wote, mweupe, mzito, na barabara iliingia ndani yake ikapotea.

Ok-rim aliwasha taa kubwa, ukungu ukamrudishia mwanga usoni. Akazishusha ziwe ndogo, akaona mstari wa pembeni wa barabara. Akapunguza mwendo, akaanza kushuka akiufuata ule mstari. Kona ya kwanza akaipita salama, na ya pili pia.

"Breki!" Sang-do alipiga kelele ghafla. "Breki, breki, kona! Unatuua!"

Ok-rim alishtuka, mguu ukakanyaga kwa nguvu, gari likaserereka kidogo kwenye majani yaliyolowa kuelekea kwenye chuma cha ukingo. Akaachia breki, akanyoosha usukani, gari likatulia. Ok-rim alikwenda polepole mpaka akaona bango la mahali pa kuegesha. Akatazama kioo, akawasha indiketa, akaingia. Akavuta breki ya mkono, akaacha taa za hatari zikipepesa, akazima injini.

"Shuka," alisema.

"Nini?"

"Baba Dan-bi, nimesema shuka."

"Kwenye ukungu? Na mguu huu?"

"Utakaa nyuma na mtungi. Au utabaki hapa. Mimi nampeleka mama."

Sang-do alitazama mbele, kwenye weupe usio na kitu. Taya lake lilikuwa likitetemeka, na ndipo Ok-rim alipoona kuwa si hasira.

"Sijawahi kuvuka mlima nikiwa upande huu," Sang-do alisema kwa sauti ndogo. "Huku hakuna cha kushika. Sikujua inatisha hivi."

Ok-rim alimgeukia. "Mimi nimekaa upande huo tangu tuoane. Kwenye theluji. Usiku ule umelewa, nikiwa na Dan-bi tumboni. Niliwahi kukupigia kelele?"

"Hapana."

"Unadhani sikuogopa?"

Taa za hatari zilikuwa zikigonga tik, tik, tik. Bibi alijifanya anatafuta leso. Sang-do akafungua mkanda wake, akachukua magongo, akazunguka gari akichechemea. Alipofika kwenye dirisha la mkewe alisimama. "Nisamehe," alisema. "Kwa leo, na kwa usiku ule." Akapanda nyuma, akaweka mkono juu ya mtungi.

Bibi alihamia mbele kwa furaha ya wazi, akafunga mkanda bila kuambiwa.

Waliteremka kwa gia ya pili, injini ikilishika gari. Mahali fulani paa mdogo aliibuka kutoka upande wa bondeni akasimama katikati ya barabara akiwatazama. Ok-rim hakuuzungusha usukani. Alikanyaga breki kwa unyoofu, gari likasimama, na wote wakamtazama yule mnyama akijifikiria. Alipoondoka, Ok-rim alisubiri kidogo. Mwingine akapita nyuma yake.

"Ulijuaje kuna wa pili?" aliuliza Sang-do kutoka nyuma, kwa sauti ya mtu mzima.

"Sikujua. Nilisubiri tu."

Kona chache zaidi, ukungu ukawaachia. Mbele yao, chini, kulikuwa na bahari yote, inang'aa kama bati jipya, na bibi alianza kupiga makofi kama mtoto.

*

Gan-nan alikuwa amewekwa kwenye kiti cha magurudumu nje ya lango, amevaa nguo ya hariri ya waridi, blanketi miguuni. Alikataa kuingia ndani tangu asubuhi, wauguzi walisema. Barabara ya lango ilikuwa ya mwinuko. Ok-rim aliegesha, akageuzia magurudumu kwenye ukingo, akavuta breki ya mkono, akaweka gia, akazima, akatoa ufunguo. Kabla ya kufungua mlango alitazama kioo, baiskeli ikapita, ndipo akafungua. Miguu yake ilipogusa ardhi aligundua kuwa anatabasamu na hakuwa na habari.

Bibi Jeom-rye aliteremka, akatembea mpaka kwa dada yake, akasimama. Walitazamana.

"Umechelewa," alisema Gan-nan.

"Kulikuwa na ukungu."

"Umezeeka, wewe."

"Wewe je? Umekuwa kama zabibu kavu."

Wakashikana wakalia, kisha wakacheka, kisha wakalia tena, na Sang-do aliyesimama kwa gongo moja na mtungi kwapani hakujua aangalie wapi.

"Nani kakuleta?" Gan-nan aliuliza alipopata pumzi. "Huyu kiwete?"

"Mkwe wangu."

Bibi mkubwa alimtazama Ok-rim kuanzia viatu mpaka nywele. "Mwanangu, njoo. Mimi nina miaka tisini. Nimepanda mkokoteni, treni, gari la wagonjwa mara mbili. Sijawahi kukaa kwenye kile kiti chako hata siku moja. Nikalishe."

"Mama mkubwa, keki ya mchele inapoa—"

"Ilipikwa baridi. Nikalishe."

Wauguzi walitazamana. Ok-rim alirudi akahakikisha breki ya mkono imekaza na ufunguo uko mfukoni mwake. Yeye na muuguzi wakambeba Gan-nan, mwepesi kama kikapu kitupu, wakamweka nyuma ya usukani. Ok-rim akasogeza kiti mbele kabisa, akaongeza mto, akamfunga mkanda juu ya hariri ya waridi. Jeom-rye, bila kualikwa, alipanda kiti cha nyuma. Ok-rim akainama dirishani, akageuza kioo cha kati kidogo kidogo.

"Unaona nini, mama mkubwa?"

Gan-nan alikaza macho. "Namwona mdogo wangu."

"Basi kiko sawa."

Mikono yenye mishipa ilishika usukani pande zote mbili. Gan-nan alitazama barabara, na bahari mwishoni mwake, kwa uso wa mtu mwenye miadi.

"Abiria," aliita kwenye kioo, "tunakwenda wapi?"

"Popote, dada," alisema Jeom-rye. "Mimi nina siku nzima."

"Na hiki cha katikati hapa, chenye alama ya tarumbeta, ni cha nini?"

"Honi, mama mkubwa," alisema Ok-rim.

Gan-nan aliikandamiza kwa viganja vyote viwili, na hakuiachia. Shakwe waliruka kutoka kwenye paa. Madirisha yakafunguliwa ghorofa ya kwanza, kisha ya pili, na vichwa vyeupe vikatokeza kimoja baada ya kingine, na kutoka juu kabisa mzee mmoja asiye na meno akapaza sauti akiuliza kama gari lina nafasi.